Sindano ya kulegeza misuli ya chini kwa wamama: kuna aliyepigwa, ao ni biashara tu?

#1 FurahaNguba
Hamjambo wote. Niko Bukavu, upande wa Nguba, mama wa watoto wawili. Tangu nimzae huyu wa mwisho niko na maumivu huku chini, ndani kabisa, si tumboni. Nikikaa kwenye benchi la kanisa yanaanza kabla mahubiri hayajaisha. Usiku na bwana ndiyo hata tusiseme. Eko, ile picha ya tumbo, wamepiga, kizazi kizuri. Mkojo wamepima, hakuna kitu. Antibiotiki nimekunywa mpaka tumbo limekataa.

Sasa munganga mmoja mgeni aliyepita hapa ameniambia misuli yangu ya chini imekazana na haijui tena kulegea. Akasema kuko sindano ya kuilegeza, Botox. Mimi Botox naijua ya wale wa kunyoosha sura. Kuna mama hapa aliyepigwa? Inapatikana Bukavu ao lazima nivuke Ruzizi niende Rwanda? Bwana yangu anasema wanataka kula pesa zetu tu.

#2 KijanaWaKadutu
Botox huko chini? Ili pasipate mikunjo? 😂😂

#3 YayaEssence
Kijana, toka. Huu si uzi wako.

Furaha mdogo wangu, pole. Hayo si ya sindano. Wewe ulizaa ukarudi kazini mtoto hajafikisha hata miezi miwili, hukukandwa, hukufungwa kitenge tumboni. Mgongo umebaki wazi. Bibi zetu walikaa siku arobaini na maji ya moto na hatukusikia mambo ya misuli.

#4 MuuguziIbanda
Nafanya kazi upande wa wamama, mniruhusu kidogo. Yaya, kukandwa hakuna ubaya kama maji hayaunguzi. Lakini mgongo kubaki wazi hakutuelezi kwa nini anaumia akikaa na akilala na mumewe, na eko inatoka safi.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kutoka kinenani mpaka kifandugu. Ndiyo inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Kwa wengine inalegea mno, mkojo unapotea. Kwa wengine ni kinyume, inakaa imefumba ngumi mchana na usiku bila mwenyewe kujua. Eko ya kawaida haiwezi kukuonyesha hilo. Furaha, swali moja tu: huyo munganga alikupima kwa kidole, ao alisoma karatasi zako?

#5 FurahaNguba
Kwa kidole kimoja. Mbele hakuna kitu. Alipofika pembeni kushoto akabonyeza kidogo, niliruka mpaka kichwa kikagonga ukuta. Akasema "ndiyo haya". Akanishika paja, akaniambia nisukume goti nje huku yeye anazuia, maumivu yakaja tena palepale. Wengine wote kabla yake walikuwa wanaingiza chuma, wanachungulia, wanaandika dawa.

#6 MuuguziIbanda
Basi huyo amekupima kweli. Ile ya goti ni msuli mwingine, unapita ndani ya nyonga pembeni na unageuza paja. Wengi wanausahau.

Kuhusu sindano yenyewe: ni sumu ya botulini iliyopunguzwa sana. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ukaze unamwaga kemikali inaitwa asetilikolini. Sumu hii inakata protini moja ndani ya mshipa, kemikali haimwagiki, msuli unakosa amri. Hauanzi kulegea siku ileile. Siku chache, na nguvu yake yote inaonekana karibu wiki mbili. Kisha mshipa unajitengeneza upya na baada ya miezi mitatu, minne hivi, kazi ya sindano imeisha. Haiponyi moja kwa moja.

Na mjue hili: Marekani waliiruhusu 1989 kwa makengeza na kope zinazojifunga zenyewe, 2010 kwa kipandauso sugu, 2013 kwa kibofu kisichotulia. Kwa maumivu ya misuli ya nyonga hawakuiruhusu rasmi. Waganga wanaoitumia huko wanaitumia kwa uamuzi wao, na wanapaswa kumwambia mgonjwa hivyo.

#7 DaudiBruxelles
Niko Ubelgiji, nawapa historia kidogo. Hiyo sumu iligunduliwa huku kwetu! Kijiji cha Ellezelles, mwaka 1895. Watu walikula soseji kwenye harusi, wakapooza macho, watatu wakafa. Profesa Van Ermengem wa Gent akachunguza akakuta kijidudu.

#8 PharmaLushi
Daudi, umechanganya. Ellezelles ilikuwa jamboni, paja la nguruwe la kutiwa chumvi, na walikuwa wapiga muziki wa bendi waliotoka kupiga kwenye mazishi, si harusi. Soseji ni za Ujerumani, miaka ya 1820, munganga mmoja anaitwa Justinus Kerner ndiye aliyeandika juu yake, na ndiye wa kwanza kuwaza kwamba sumu ile ingeweza kuwa dawa. Hakujua hata kama ni kijidudu.

#9 DaudiBruxelles
Sawa mzee wa Lubumbashi, jamboni. Lakini watatu waliokufa ni kweli.

#10 KijanaWaKadutu
Wapiga muziki wanapewa paja zima la nguruwe kwenye matanga? Hapa Kadutu wanapewa sambaza na "Mungu awabariki".

#11 ChantalGoma
Turudi kwa Furaha. Mimi nilipigwa. Niko Goma lakini nilifanyiwa nje ya nchi, sitaji wapi. Walinipa dawa ya kusinzia, sindano nyembamba wakapitisha ukeni, upande huu na upande huu, sehemu kadhaa. Niliamka sina maumivu makali, matone ya damu tu.

Wiki ya kwanza: sifuri. Nikaanza kulilia pesa zangu. Wiki ya pili, nimekaa kwenye gari, nikashtuka tumefika na sikugeuka-geuka kwenye kiti. Ndipo nilijua. Na bwana, mambo yalirudi polepole.

Lakini niseme na lingine ambalo hakuna anayelisema. Upepo ulikuwa unatoka bila ruhusa yangu. Niko kwaya, sauti ya pili, nasimama mstari wa mbele. Niliomba nihamie nyuma, nikasema koo. Iliendelea wiki kadhaa ikaisha. Maumivu nayo yalirudi baada ya miezi kama mitatu, si kwa nguvu ileile.

#12 YayaEssence
Yani ulilipa pesa zote zile ili ujambe kwaya? Chantal, nakupenda, lakini kitenge cha kufunga tumbo kiko bei gani?

#13 MuuguziIbanda
😅 Hilo la upepo linajulikana. Misuli ileile inayouma ndiyo inayofunga. Ukiilegeza sana mkojo unaweza kuvuja, ao haja kubwa, ao upepo. Wengine inawaletea kinyume, choo kigumu ao mkojo kutotoka vizuri. Yanaisha sindano ikiisha, lakini yasemwe kabla, si baada.

#14 MtaalamuWaNguvu
Habari zenu. Mimi nafundisha mazoezi. Dawa ya yote haya ni kukaza. Kaza hesabu kumi, achia, mara mia kwa siku. Wamama wangu wote wanasifia.

#15 NsimireKinezi
Hapana, hapana, hapana. Aksanti lakini hapana. Mimi ni kinezi, mtu wa kutibu misuli kwa mikono na mazoezi. Kukaza ni kwa mama anayevuja mkojo. Kwa huyu ambaye msuli umekazana tayari, kumwambia akaze mara mia ni kumwongezea. Nimepokea wamama walioharibiwa na ushauri huo huo wa mtandaoni.

Kwa mtu wa namna ya Furaha tunaanza upande mwingine. Analala chali, magoti yamekunjwa, mkono mmoja tumboni. Anavuta pumzi mpaka tumbo linainuka, na wakati huo anaacha huku chini kushuke, anaacha kufunguke kidogo, hasukumi. Wengi mwanzoni hawawezi. Nawaambia waachie, wanakaza matako. Ndipo mimi naingiza kidole, nabonyeza pale panapouma, kwa subira, nangoja pakilainika ndipo nasogea. Baadaye namfundisha afanye mwenyewe nyumbani kwa kidole gumba. Inachukua wiki nyingi. Sindano, kama kweli itahitajika, inakuja nyuma ya hayo.

#16 MtaalamuWaNguvu
Kila mtu ana njia yake. Mimi naongea matokeo.

#17 NsimireKinezi
Na mimi naongea kidole.

#18 BabaAmani
Mimi mwanaume, mniwie radhi. Mke wangu alikuwa na shida hii. Tulidhani ananikataa. Familia yangu ikaanza kusema maneno, mama yangu akataka niitwe kikao. Kinezi alituita wote wawili, akanionyesha kwenye mchoro misuli iko wapi. Akatuambia tuache kabisa ile kazi kwa muda, bila kununiana. Mwili wake ulikuwa unangoja maumivu kabla mimi sijagusa kitu, kwa hiyo unafunga. Hatukupiga sindano yoyote. Leo tunaendelea vizuri, si kila siku. Furaha, mlete bwana yako. Asibaki nyumbani anahesabu pesa.

#19 FurahaNguba
Baba Amani, aksanti. Nimempa simu asome jibu lako. Amesoma, amekaa kimya, ameomba chai.

#20 MapendoBagira
Niseme yangu. Hapa kwetu tunaongea misuli, misuli, na tunajua vita vilipita wapi. Kuna wamama ambao mwili ulijifunga kwa sababu ya yale waliyofanyiwa. Mimi sitaeleza. Nilitibiwa pale hospitali ya Panzi, na kilichonisaidia si kitu kimoja. Kulikuwa na munganga, kulikuwa na mtu wa kuongea naye, kulikuwa na wenzangu. Mtu akija na sindano peke yake, hata iwe ya Ulaya, ataulegeza msuli, na kichwa kitaukaza tena.

#21 MuuguziIbanda
Mapendo, tumekusikia dada.

#22 Mama_Kazi
Pole Mapendo. Ila na mimi niulize. Wale wamama wanaobeba magunia ya unga na mkaa mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka bandarini mpaka juu Kadutu, je? Mkimwona anavyoinama, tumbo limebanwa, pumzi ameishika. Hiyo misuli itakosa kukazana? Mimi nasema chanzo ni mizigo. Mengine ni ya wenye nafasi.

#23 KijanaWaKadutu
Mama_Kazi, dada yangu yuko benki, anabeba kalamu tu, na analia maumivu hayohayo. Nilikuja hapa kucheka, sasa nasoma kila kitu.

#24 NsimireKinezi
Kijana, huyo anayekaa kwenye kiti mchana kutwa na anabana mkojo mpaka saa ya mapumziko naye yuko kwenye orodha. Mzigo unahusika. Kwa wabebaji ninaowaona mimi, wengi shida yao ni kizazi kushuka, misuli imechoka na kulegea. Wachache imekazana. Siwezi kukwambia kwa kuangalia kazi yake.

#25 SalumuKigoma
Wadau, huku kwetu Kigoma hili tunaliita chango la uzazi, na zipo dawa za mizizi za kunywa na za kukalia. Mke wangu alitumia akapona kabisa.

#26 MuuguziIbanda
Shemeji Salumu, za kunywa sijui mmechemsha nini. Ila za kuingiza ndani, majani, shabu ya kukausha, sabuni kali, naomba wamama waache. Ngozi ya mlangoni ikiungua inauma kwa kuguswa tu. Ikiuma, misuli ya nyuma yake inajifunga. Kuna wamama ninaowagusa pale mlangoni kwa pamba nyepesi tu, wanaruka. Kwa hao tunaanza na ngozi.

#27 WivineUvira
Mimi ni kesi ya kuharibu hadithi zenu zote. Nilipigwa Botox, na pesa ile ningeezeka nyumba mabati. Wiki mbili, mwezi, hakuna kitu. Kinezi pia nilifanya. Mwishoni wakanifungua tumbo kwa kamera, wakakuta endometriosi, ile nyama ya ndani ya kizazi inayoota nje yake, nyuma ya kizazi, kidonda kimeshikana na utumbo. Eko zote zilikuwa "safi". Msuli ulikuwa umekaza kweli, hawakukosea, lakini ulikuwa unakaza kwa sababu ya moto ulio ndani. Furaha, maumivu yako yanaongezeka ukikaribia siku zako? Choo kinauma wakati wa siku?

#28 FurahaNguba
Wivine, yanaongezeka kidogo. Choo hapana. Sasa umenitia wasiwasi mpya.

#29 MuuguziIbanda
Wivine ameuliza swali zuri. Andika kwenye daftari siku za maumivu na siku za damu, uende nalo. Na mjue, mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

#30 PharmaLushi
Naona watu wamesifia na kulaani sindano bila kuuliza majaribio yalisema nini. Mawili ninayoyajua vizuri. Australia, 2006, wamama 60 wenye maumivu na misuli iliyokaza. Nusu walipigwa yuniti 80 za Botox, nusu maji ya chumvi tu yasiyo na dawa, wenyewe hawajui nani amepata nini. Waliopata Botox misuli ilipungua mkazo, ilipimika. Lakini maumivu? Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikutosha kusema ni kazi ya Botox. Marekani, 2019, wakaongeza hadi yuniti 200, wamama karibu 60. Baada ya wiki mbili hakuna tofauti ya maana na maji ya chumvi.

#31 BwanaFuraha
Mimi ndiye bwana ya FurahaNguba, nimefungua akaunti leo. Kwa hiyo ni nilivyosema. Maji ya chumvi.

#32 KijanaWaKadutu
KARIBU SHEMEJI 😂😂 amemaliza chai

#33 ChantalGoma
Mzee Pharma, mimi sikulegea kwa maji ya chumvi. Upepo wa kwaya ulikuwa maji ya chumvi?

#34 PharmaLushi
Hapana, dada, msuli wako ulilegea kweli, na hata hao wa Australia walilegea. Ninachouliza ni kama maumivu yanafuata msuli. Kwa wengine yanafuata, kwa wengine yako kwenye mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kelele. Hao wanapewa amitriptilini kidogo usiku, dawa ya zamani, rahisi, na inapatikana hata kwa farmasi ya mtaa, ila munganga aiandike.

#35 NsimireKinezi
Na ncha ya sindano yenyewe inafanya kazi. Ukichoma fundo la msuli hata kwa lidokaini, dawa ya ganzi ya bei ndogo, linaweza kuachia. Munganga niliyefanya naye kazi zamani alikuwa anaanza na lidokaini. Ikisaidia hata siku mbili, tunajua tumepiga pale penyewe, na mimi nautumia muda huo kumfundisha mgonjwa kulegeza. Wengine hawakuhitaji kitu kingine.

#36 PharmaLushi
Hapo tunakubaliana. Nimalizie upande wangu, wa chupa. Botox inataka baridi, kati ya digrii 2 na 8, kutoka kiwandani mpaka mkononi mwa munganga. Kwa umeme wetu huu, Lubumbashi ao Bukavu, uliza frigo iko na betri ao jenereta. Xeomin, ambayo ni jamaa yake, inavumilia joto la chumba mpaka 25 kabla haijafunguliwa. Ikishachanganywa na maji inakaa kwenye frigo na haipiti saa 24, kwa hiyo akikuletea chupa iliyofunguliwa juzi kwa mteja mwingine, vaa viatu uende.

Yuniti za Botox na za Dysport, jamaa yake mwingine, hazilingani, mtu asikwambie "mia ni mia". Uliza jina, uliza yuniti ngapi, uone lebo, uipige picha. Na kama uko kwenye jentamisini, dawa ambayo hapa kwetu tunapigwa kwa kila homa, sema. Inaongeza nguvu ya sumu hiyo. Mwenye mimba asipigwe, mwenye miastenia, ule ugonjwa wa misuli kuishiwa nguvu, asipigwe.

#37 BwanaFuraha
Mzee Pharma, hapo kwa frigo nimekuelewa. Swali: Bukavu kuna anayeipiga kwa maumivu haya?

#38 MuuguziIbanda
Mimi ninapofanya kazi hatuna. Wanaokwenda wanavuka, Kigali, wengine Kampala ao Nairobi. Kabla ya kupanda gari pigeni simu, muulize kama wanaifanya kwa misuli ya nyonga hasa, si ya sura. Mmoja alifika huko akaambiwa wanayo ya paji la uso tu.

#39 YayaEssence
Na akirudi maumivu yakirudi baada ya miezi mitatu, avuke tena? Kila miezi mitatu? Mimi bado niko na kitenge changu.

#40 ChantalGoma
Yaya, mimi sikurudia. Nilitumia ule muda wa nafuu kufanya mazoezi ya Nsimire, na yamebaki.

#41 WivineUvira
Na mimi kitenge nilifunga, Botox nilipigwa, kinezi nilifanya. Kilichosaidia ni kisu. Kwa hiyo msibishane sana.

#42 FurahaNguba
Nimeamua nianze kwa kinezi, na daftari la siku kama muuguzi alivyosema. Bwana atanisindikiza. Sindano tutaiongelea baadaye, hajakubali, na mimi sijakataa. Nsimire, nimekuandikia kwa siri.

#43 KijanaWaKadutu
Swali la kiungwana safari hii. Wanaume wanayo misuli hiyo?

#44 NsimireKinezi
Wanayo, na inawauma pia. Fungua uzi wako.

#45 MwaWalungu
Hodi. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi niko Walungu. Maumivu yangu yako vilevile nikilala na bwana, ila mimi baada ya hapo natoka na damu, na kati ya siku kwa siku inatoka tena. Je, hiyo pia ni misuli? Nitafute lidokaini?

#46 MuuguziIbanda
Hapana dada. Damu baada ya tendo si ya uzi huu. Kesho nenda kituo cha afya kikubwa kilicho karibu, waambie neno kwa neno ulivyoandika hapa, waangalie shingo ya kizazi. Mara nyingi wanapaka asidi ya siki iliyopunguzwa, wanangoja dakika moja, wanaangalia kama panageuka peupe. Inaweza kuwa kidonda kidogo ao uambukizo, lakini lazima ionekane. Usinunue dawa njiani.

#47 MwaWalungu
Aksanti. Niende bila kula?

#48 MuuguziIbanda
Kula vizuri. Ukiwa kwenye siku zako ngoja ziishe, ila kama damu inatoka tu bila mpango usingoje, nenda.